Gari inagonga mbele? Usikimbilie kununua shoku

Mwaka jana nlinunua shoku mbili mpya za mbele za Corolla yangu 110, nikazifunga mwenyewe siku nzima jasho linanitiririka, jioni nikatoka Maweni kifua mbele kwenda kuijaribu, tuta la kwanza tu, tok tok tok, mlio ule ule haujapungua hata chembe. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi, hata jeki hakutoa, akaingiza mkono nyuma ya tairi akashika linki (kile kijiti cha chuma cha stabilaiza) akaitingisha, ikacheza kama jino la mtoto. Akanambia, "Mwanangu, nani alokwambia ni shoku?" Sikuwa na jibu manake hakuna alonambia, nlijiambia mwenyewe.

Kwa hivo ntaeleza vile nafanya sasa, na sehemu kubwa ni kusikiliza na kutingisha kabla ya kufungua. Ni kwa hizi gari ndogo za zamani zinazovutwa na tairi za mbele, Corolla 100 na 110, Sunny B14 na ndugu zao. Zote mbele zina mpango mmoja: shoku imevishwa springi, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika nako (kile chuma kinachobeba habu na breki), afu chini ya nako kuna loa aamu (mkono wa chini) moja kila upande. Mpango huu unaitwa MacPherson, jina la injinia Mmarekani Earle MacPherson, na Ford ya Uingereza iliuweka kwenye Consul na Zephyr tangu 1950, kwa hivo usiogope, ni kitu kizee na hakina maajabu.

Mlio kwanza

Toa kila kitu kwenye buti. Tairi ya spea, jeki, wili spana, kreti, chupa, vyote. Usicheke, kuna jamaa alikaribia kubadilisha loa aamu nzima kumbe ni jeki inaruka ruka nyuma.

Halafu mpe mwenzio aendeshe polepole, wewe utembee pembeni, au kaa ndani vioo vikiwa chini redio imezimwa. Tok tok nyepesi nyepesi ukipita kwenye kokoto kwa mwendo wa pole, hasa tairi moja ikipanda na nyingine imebaki chini, anza na linki za stabilaiza (ile baa inayounga upande wa kushoto na wa kulia gari isilale kwenye kona). Kishindo kimoja kizito, ngu!, ukikanyaga breki au ukitia rivasi, hiyo ni bushi (raba yenye pete za chuma) ya loa aamu na mara nyingi ni ile ya nyuma. Ukikata usukani gari imesimama na inalia kama kitanda cha kamba au springi inaruka dang!, hiyo ni mauntini ya juu ya shoku, beringi yake imekwama, na ukiweka kiganja kwa wepesi kwenye springi mwenzio akikata usukani utaisikia inajikunja kisha inaachia. Tak-tak-tak ya haraka ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, hiyo si suspensheni kabisa, ni jointi ya nje ya shafti (inayozungusha tairi), na somo lake ni lingine.

Shoku yenyewe ikifa aghlabu haigongi, inayumbisha. Sukuma boneti pale pembeni kwa uzito wako wote mara mbili tatu kisha achia, gari ipande, irudi, itulie. Ikiendelea kudundadunda imechoka. Chungulia pia mwili wake, ukungu mwembamba wa mafuta si kesi, lakini ikiwa imelowa mpaka vumbi limeganda tope, hiyo imekwisha. Na tairi utaiona imeliwa mabonde mabonde.

Kuinua gari bila kufa

Hapa kwetu tabu ya kwanza ni ardhi. Nyumba nyingi uwanja ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja wakati wewe uko chini. Weka ubao mzito chini ya jeki na chini ya kila stendi, mpana zaidi ya kitako chake, ama nenda kaombe sehemu yenye sakafu ya simiti.

Na jiwe la kujengea, lile la matumbawe lililojaa kila uwanja Malindi, usiweke gari juu yake. Wallahi nimeona mafundi wakifanya. Jiwe lile linabeba ukuta miaka mia kwa sababu uzito wa ukuta umetandaa, lakini chuma cha gari kinabonyeza pahali padogo na lenyewe ndani lina matundu, halitoi onyo, linapasuka tu. Nunua stendi mbili za chuma, au azima. Hii ni kitu moja nakataa kabisa kubahatisha.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: ukitia gia ya kwanza, gia inashika tairi za mbele, na za mbele ndizo unazoziinua, kwa hivo gari imebaki kushikwa na hendibreki peke yake, na hendibreki za gari zetu tunazijua. Ziba tairi za nyuma kwa magogo, mbele na nyuma ya tairi.

Legeza nati za wili kidogo gari ikiwa bado chini (Toyota hizi ni spana namba 21), kisha inua pande zote mbili za mbele, stendi pande zote. Pande zote nasema, si moja, manake ukiinua upande mmoja ile baa ya stabilaiza inajipinda, na linki utaikuta imekazana haitaki kutoka wala kuingia.

Tingisha

Tairi iko hewani. Ishike juu na chini, isukume ndani uivute nje. Ikicheza, mwambie mwenzio akanyage breki uitingishe tena. Uchezaji ukipotea ni beringi ya habu, ukibaki ni boljointi (jointi ya kichwa cha duara inayounga nako na loa aamu). Kisha shika kushoto na kulia, ikicheza hapo ni tairodi endi au ile raki endi ya ndani (jointi za fito za usukani), weka kidole kwenye kila jointi mwenzio akitingisha na kidole kitakwambia.

Bushi huzijui kwa mkono. Chukua mtaimbo, ingiza kati ya loa aamu na krosimemba (boriti ya chuma inayoshika aamu), bana taratibu. Raba inajongea kidogo hiyo ni kawaida, lakini ukiona imepasuka ukapita mwanga, au chuma kinagusa chuma, mwisho wa habari. Linki nayo ishike katikati uitikise juu chini.

Andika kwenye karatasi unachokiona, kushoto nini, kulia nini. Ukifika dukani bila karatasi muuzaji ndiye atakayekwambia gari yako inaumwa nini.

Spea

Nenda na namba ya chasis, si "Corolla ya zamani". Za mtumba kutoka Japani nakubali kwa vyuma vitupu, loa aamu yenyewe, nako, hata springi, lakini bushi na boljointi za mtumba sinunui tena, raba inazeeka hata ikiwa imelala tu kwenye rafu. Linki mpya ikague kabla ya kulipa: kichwa chake kiwe kigumu kukizungusha kwa vidole, kikicheza cheza kama kijiko kwenye kikombe rudisha. Mimi kuna duka niliuziwa linki zimeandikwa jenuini, boksi linang'aa, hazikumaliza hata msimu wa mvua, na niliporudi nikaambiwa ni barabara.

Nunua kwa pea. Kushoto ikifa na kulia iko njiani.

Kutu, adui wa mwambao

Mtu wa Nairobi anafungua bolti hizi kwa robo saa. Sisi hewa yenyewe ina chumvi, na kama gari inaenda Ngomeni au Gongoni kule kwenye mashamba ya chumvi basi chini yake ni hadithi nyingine kabisa. Kwa hivo kazi inaanza siku moja kabla. Piga nyuzi zote brashi ya waya, puliza WD-40 au mafuta mengine ya kulegeza kutu, rudia usiku, rudia asubuhi. Nati ikianza kutoka halafu ikakaza, usilazimishe, irudishe nusu mzunguko, puliza, itoe tena, nenda rudi nenda rudi. Anayelazimisha ndo anayekata bolti. Na ukitaka kutumia moto kumbuka bushi na buti (vile vifuko vya raba vinavyofunika jointi) ni raba na grisi, zinawaka, na hozi ya breki iko hapo hapo.

Linki

Hii ndo kazi rahisi na ndo inayonyamazisha gari nyingi. Linki ina kichwa kimoja kwenye baa ya stabilaiza na kingine kwenye shoku au kwenye loa aamu, inategemea gari. Nati mara nyingi ni 14 au 17. Ukiizungusha bila akili msumari wake (ule wenye nyuzi) unazunguka nayo milele, kwa hivo tazama ncha ya msumari, kuna tundu la eleniki (spana ya pembe sita), shika hapo kwa eleniki halafu zungusha nati kwa spana ya pete. Tundu likiwa limejaa kutu lichokoe kwanza na uigonge eleniki iingie mpaka mwisho, ukiliharibu hilo tundu kilichobaki ni grainda. Kusema kweli za zamani mi huzikata tu na grainda, nimevaa miwani, nimefunika hozi ya breki kwa kitambaa kilicholowa, dakika tano zimetoka.

Mpya unaziweka, unakaza, buti isijipinde. Hazihitaji alaimenti (kupimwa upya mwelekeo wa tairi).

Boljointi

Chomoa kotapini (pini inayozuia nati isilegee), itakatika, sawa, una mpya. Legeza nati yake mpaka ibaki na nyuzi chache, usiitoe yote, manake jointi ikiachia ghafla hutaki loa aamu ikushukie mkononi. Sasa usipige msumari wa boljointi, utauvimbisha. Piga ubavu wa nako, lile sikio lililoushika msumari, nyundo kubwa, kwa nguvu, mapigo machache ya maana kuliko mia ya huruma. Likiachia utasikia pop. Ile uma ya kutenganishia inafanya kazi pia lakini inachana buti, kwa hivo itumie kama boljointi unaitupa.

Toa nati, halafu zile bolti na nati zinazoshika boljointi kwenye loa aamu, bana aamu chini na mtaimbo, itoke. Ukiwa hapo usivute habu kuja nje, shafti inaweza kuchomoka kwa ndani na hapo umejitafutia kazi ya pili. Wala usiache kitu kizito kining'inie kwenye hozi ya breki, funga waya.

Kwenye kurudisha, ukikaza nati ya boljointi na tundu la kotapini halijalingana, endelea mbele kidogo hadi lilingane. Usirudishe nyuma. Na kotapini iwe mpya, si msumari wa kiatu.

Bushi, na kosa linalokula pesa za watu

Toa boljointi kama tulivosema, halafu bolti ya bushi ya mbele na zile za bushi ya nyuma, aamu itoke. Kabla ya yote chungulia upande wenye gia boksi, kwa baadhi ya Toyota hasa za otomatiki bolti ya mbele inagonga gia boksi haitoki mpaka krosimemba ishushwe kidogo. Kama yako iko hivo amua mapema kama unaiweza.

Kabla ya kutoa bushi piga mstari wa rangi kwenye aamu kuonyesha zile nafasi za kwenye raba zimeelekea wapi, bushi ya nyuma ina mwelekeo wake, ukiigeuza gari itakuwa inatangatanga. Kuipiga nyundo nyumbani inawezekana ila mara nyingi unaikunja ile pete ya nje, mimi hupeleka aamu kwa mwenye presi, nakunywa kahawa, narudi imeshaingia.

Sasa sikiliza hapa. Bushi hizi hazizunguki. Raba imegandishwa kwenye pete ya ndani na ya nje, aamu ikipanda na kushuka raba inajinyonga kidogo na kurudi. Ukikaza ile bolti gari ikiwa hewani, aamu imening'inia chini kabisa, pete ya ndani inabanwa pale pale. Ukishusha gari, aamu inapanda na raba inabaki imenyongwa, imenyongwa ukiwa umepaki, imenyongwa ukilala, na kila tuta linaiongezea. Bushi mpya kabisa inapasuka ndani ya miezi, na wewe unalaumu duka, unalaumu China, unalaumu barabara ya Marafa. Nimeuliza mafundi wengi, wengine wanajua ila hawana subira, wengine hawajawahi kusikia.

Dawa yake: bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba ziingize, zikaze kwa mkono tu. Rudisha boljointi, kaza hiyo kabisa. Halafu weka jeki na ubao chini ya loa aamu karibu na boljointi, inua taratibu mpaka gari iko karibu kuinuka kwenye stendi. Hapo aamu iko pale itakapokuwa barabarani. Sasa ndo kaza bolti za bushi. Upande wa pili vile vile. Kama una shimo la gereji ni rahisi zaidi, gari ikae kwa tairi zake, itikise juu chini mara kadhaa, ingia chini ukaze.

Tia grisi kidogo kwenye mwili wa bolti pale inapopita ndani ya pete, siku ya kuitoa tena utanishukuru, chumvi ikishika hapo bolti na pete vinakuwa kitu kimoja.

Ikiwa kweli ni shoku

Sawa, wakati mwingine ni shoku kweli. Zile bolti mbili kubwa za chini zinazoshika nako, piga alama ya rangi pale zilipokaa kabla ya kulegeza, kwa baadhi ya gari hapo ndo tairi inapewa mlalo wake. Fungua kishikizo cha hozi ya breki. Halafu juu, ukifungua boneti, kuna nati tatu zimezunguka na moja katikati. Zile tatu ndo unatoa. Ya katikati usiiguse kamwe gari ikiwa imesimama wala shoku ikiwa mkononi bila kibanio, hiyo ndo inazuia springi iliyobanwa, na ikiachia inaweza kukuua wewe na aliyesimama nyuma yako.

Kibanio cha springi kipo cha mikono miwili, kinawekwa pande zinazotazamana, unakaza huku kidogo, kule kidogo, mpaka springi ilegee kwenye vikalio vyake vyote. Mimi ninacho na bado sikipendi. Sikuhizi natoa shoku nzima na springi yake, napeleka kwa fundi mwenye mashine ya ukutani, anabadilisha, narudi kufunga mwenyewe. Sioni haya. Kama unakwenda huko mwambie abadilishe na mauntini pamoja, afu hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kile kidato chake, na asishike nondo ya shoku kwa pulaizi, mkwaruzo mmoja pale na sili ya mafuta inakatika.

Shoku mpya kabla hazijavishwa springi zisimamishe wima uzisukume chini juu mara tano sita zitoe hewa.

Kumaliza

Rudisha tairi, nati kwa mtindo wa nyota, shusha, ndo ukaze kabisa. Toyota hizi ni 103 Nm kama una spana ya toko (inayopima nguvu ya kukaza), kama huna ni mkono wako na wili spana ya kawaida, usiipande kwa mguu. Hesabu vifaa vyako na nati zilizobaki chini. Ikibaki moja usijiambie ilikuwa ya ziada.

Zunguka mtaa polepole kwanza, kanyaga breki mara mbili tatu, sikiliza. Kisha toka kwenye matuta ya kuelekea Gede, pale utajua. Ukibadilisha loa aamu, tairodi au shoku, nenda alaimenti hata kama usukani unaona uko sawa, tairi mpya hazina bei ya mchezo.

Baada ya kilomita 50 hivi, yaani Malindi Watamu kwenda na kurudi, kaza nati za wili tena. Na ukitoka Ngomeni au ulikoegesha karibu na ufuo, mwagia gari maji chini, ila maji ya mfereji yale ya Baricho, si ya kisima. Kisima cha kwangu ukionja ni chumvi tupu, na mwaka mzima nlikuwa naoshea nayo gari nikidhani naisaidia.